Tuhesabu umri wa wana wa Kangxi, maana namba walizopewa zinatupoteza

#1 Mwenye uzi

Wanajamvi, salaam.

Nimerudia kuangalia Bu Bu Jing Xin, tamthilia ya Kichina ya mwaka 2011 kuhusu wana wa mfalme Kangxi wa nasaba ya Qing, na safari hii niliketi na mpwa wangu, ambaye hawezi kuliacha jambo lisilomwingia akilini bila kusimamisha picha. Aliisimamisha mahali ambapo mwana wa nne na mwana wa nane wako pamoja, akaniuliza, “Mjomba, mbona huyu wa nane anaonekana mkubwa kuliko kaka yake?” Nilitaka kumjibu kwamba namba ndiyo inayosema nani alitangulia, yaishe, lakini tulipotafuta miaka ya waigizaji tukakuta macho yake hayakumdanganya. Kevin Cheng, aliyeigiza mwana wa nane, alizaliwa mwaka 1969, na Nicky Wu, aliyeigiza wa nne, alizaliwa mwaka 1970. Mdogo ameigizwa na mtu aliyemzidi kaka umri, na wote wawili walikuwa wamefika kwenye arobaini huku wakiigiza vijana wa ishirini na kitu.

Basi tukachukua daftari la mistari, tukapiga safu nne: namba ya mwana, jina, mama yake, na mwaka wa kuzaliwa. Nilidhani kazi itakwisha kabla chai haijapoa, ikatuchukua jioni tatu. Ninaweka hapa tulikofika ili mnisahihishe.

Hadithi inaanza mwaka wa 43 wa Kangxi. Kuugeuza mwaka wa zama zake uwe wa kalenda yetu unajumlisha 1661, kwa kuwa mwaka wake wa kwanza ulikuwa 1662, na hivyo tunapata 1704. Hapo pana mtego mdogo. Kangxi alikalia kiti mwezi Februari 1661 baada ya baba yake, Shunzhi, kufariki, ila mwaka ule uliendelea kuitwa mwaka wa 18 wa Shunzhi mpaka mwaka mpya ulipoingia. Alipofariki yeye tarehe 20 Desemba 1722 ilikuwa vivyo hivyo: mwana wa nne alikwisha kukalia kiti, na bado kwa majuma yaliyosalia mwaka uliitwa wa 61 wa Kangxi.

Mtego mkubwa ni umri wenyewe. Mtoto wa Kichina wa zama zile alizaliwa akiwa na sui moja (sui ni mwaka wa umri kwa hesabu yao), na kila mwaka mpya wa mwandamo ulipoingia aliongezewa nyingine pamoja na watu wote wa nchi, hata kama siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado mbali. Ndiyo maana naona tafsiri ya “ana miaka minane” inapotosha, na iliyo karibu zaidi na maana ni “yumo katika mwaka wake wa nane.” Kangxi ameandikwa kuwa alitawazwa akiwa na sui nane, ilhali kwa hesabu yetu alikuwa na miaka sita na miezi tisa, kwa sababu alizaliwa Mei 1654.

Kupata sui ya mtu, chukua mwaka wa zama unaouangalia, toa mwaka wa zama aliozaliwa, kisha jumlisha moja. Mwana wa nne alizaliwa mwaka wa 17 wa Kangxi. Katika mwaka wa 43 basi alikuwa na sui 27. Kwa kalenda yetu alizaliwa tarehe 13 Desemba 1678, kwa hiyo karibu mwaka mzima wa 1704 alikuwa na miaka 25. Hiyo tofauti ya miaka miwili ndiyo inayowagombanisha watu mitandaoni, kila mmoja akiwa na ushahidi wake mkononi na wote wakiwa na haki.

Kwa njia hiyo hiyo, hadithi inapoanza baba mtu alikuwa anafikisha miaka 50, mrithi wa kiti (ambaye ni mwana wa pili) alikuwa anakaribia 30, wa nane alikuwa na 23, wa tisa na wa kumi wana 20 kila mmoja, wa kumi na tatu ana 17, na wa kumi na nne ana 16. Someni tena hizo za mwisho. Wale tunaowaona wakikunywa pombe na kupanga njama kwa sura za watu wazima walikuwa, kwa makadirio ya kwetu, vijana wa kidato cha nne na cha tano.

Miaka ya kuzaliwa tuliyoiandika kuanzia mwana wa kwanza mpaka wa kumi na nne ni hii: 1672, 1674, 1677, 1678, 1679, 1680, 1680, 1681, 1683, 1683, 1685, 1685, 1686 na 1688. Nimetumia namba badala ya majina kwa sababu majina, yakiandikwa kwa herufi zetu, yanafanana mno. Wa kwanza na wa kumi na nne wote husomeka Yinti, na huyo wa kumi na nne hapo awali aliitwa Yinzhen, sawasawa na wa nne kwa masikio yetu, ingawa kwa maandishi ya Kichina herufi ni tofauti. Tena wa nne alipotawala kwa jina la zama la Yongzheng, nduguze walilazimika kubadili “Yin” kuwa “Yun” ili wasishiriki jina na mfalme. Anayetafuta asishangae kumkuta mtu mmoja ana majina mawili.

#2

Ndugu mwenye uzi, kazi ni nzuri, lakini mwana wa tano na wa kumi na mbili umewakosea, na umewakosea kwa sababu moja.

Umejumlisha 1661 kwa kila mmoja bila kutazama mwezi. Mwaka wao mpya huingia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwezi wao wa kumi na mbili mara nyingi kwetu anaangukia Januari ya mwaka unaofuata. Mwana wa tano alizaliwa siku ya nne ya mwezi wa kumi na mbili wa mwaka wa 18 wa Kangxi, na hiyo ni tarehe 5 Januari 1680, si 1679. Wa kumi na mbili alizaliwa siku ya 24 ya mwezi huo huo katika mwaka wa 24, na kwetu ni tarehe 18 Januari 1686.

Pengine utasema ni siku chache tu. Tazama zinavyougeuza ukoo. Kwa jedwali lako, wa tano amemtangulia wa sita kwa mwaka mmoja. Kwa tarehe halisi amemtangulia kwa miezi miwili kamili, kwa kuwa wa sita alizaliwa tarehe 5 Machi 1680, na wa saba akaja mwezi Agosti wa mwaka huo huo. Nyumba moja ilipata watoto watatu wa kiume ndani ya mwaka mmoja, na wa nane akazaliwa Machi iliyofuata. Hao wanne wamebanana ndani ya miezi kumi na tano isiyotimia.

Ukija kwenye sui, mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Mwana wa tano hakuwa ametimiza mwezi mmoja duniani mwaka mpya ulipoingia, na siku hiyo akahesabiwa kuwa na sui mbili. Wa kumi na mbili alizipata sui zake mbili kabla hajamaliza wiki. Mchango wa mtu kwamba “walipishana mwaka mmoja” unaweza kumaanisha miezi miwili, na unaweza kumaanisha karibu miezi ishirini na minne.

Sisi tunaofuata mwezi mwandamo kwa ajili ya mfungo na sikukuu tunaweza kujidanganya kwamba kalenda yao tunaijua. Miezi kweli ni ya mwandamo, lakini wao huingiza mwezi wa ziada mara saba katika kila miaka kumi na tisa, ili mwaka usiyahame majira. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka kutoka kiangazi hadi masika, na mwaka mpya wa Kichina haubanduki mahali pake.

Kosa hili hili limeingia hata kwa mrithi wa kiti. Wengi huandika kwamba alisimikwa mwaka 1675, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa 14 wa Kangxi. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo kwetu ni Januari 1676, naye alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi saba.

#3 Mwenye uzi

Nimenyoosha mikono. Mpwa wangu amechukua kalamu nyekundu na kunisahihisha daftarini kwa furaha ambayo sikuipenda sana.

Nimerudi kuwapima wote upya kwa kanuni yako, na nimeona wa kumi na tatu na wa kumi na nne ndio mfano ulio wazi kuliko wote katika upande wa pili. Mmoja alizaliwa tarehe 16 Novemba 1686, mwingine tarehe 10 Februari 1688. Hiyo haifiki miezi kumi na tano. Lakini wa kumi na tatu ni wa mwaka wa 25 na wa kumi na nne ni wa mwaka wa 27, siku ya tisa tu baada ya mwaka mpya kuingia. Kwa hiyo siku zote walihesabiwa kuwa wamepishana sui mbili. Angalizaliwa siku kumi kabla, wangepishana moja.

#4

Ndugu zangu, mnahesabu baba mnasahau mama.

Namba hizi ni za baba peke yake. Hazikwambii nani ni kifungua mimba wa nani wala nani alifuatana ziwa na nani, na katika nyumba ya masuria wengi hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa kwetu angeuliza. Wa tisa na wa kumi wamepishana kama wiki sita, Oktoba na Novemba 1683. Bila kujua kwamba mama zao ni tofauti, mtu angedhani ni kosa la uchapaji. Kwa upande mwingine, wa tano na wa tisa ni wa tumbo moja, wana wa suria Yi, ingawa kati yao wamepita watatu wengine.

Suria De ndiye wa kumtazama kwa makini. Alimzaa wa nne mwezi Desemba 1678, akamzaa wa sita Machi 1680, kisha akazaa mabinti watatu, na ndipo mwaka 1688 akampata wa kumi na nne. Kwa baba, huyu ni mwana wa kumi na nne; kwa mama, ni mwanawe wa tatu wa kiume na kitinda mimba. Yule wa sita alifariki mwaka 1685 akiwa na miaka mitano, kwa hiyo mdogo wao wa mwisho hakuwahi kumwona. Kati ya wana wawili waliobaki kwa mama yule, pengo ni miaka tisa na miezi miwili.

Ninaona watayarishaji wa tamthilia wamewapa ndugu hawa wawili ugomvi wa watu wa rika moja. Hilo silikubali. Mtu aliyekuzidi miaka tisa mnagombana kwa namna nyingine.

#5

Samahani kwa kuwarudisha nyuma. Mwana wa kwanza amezaliwa 1672, ilhali Kangxi alikuwa na miaka 17 wakati huo na wake kadhaa tangu utotoni. Je, kweli huyu ndiye wa kwanza? Na mbona mabinti nao wana namba zinazoruka? Katika tamthilia nyingine nimemsikia “binti wa tisa,” nikamtafuta wa nane nisimwone popote.

#6 Mwenye uzi

Swali lako ni la haki, na jibu lake halipendezi.

Hakuwa wa kwanza. Wavulana wanne walimtangulia, akiwamo Chengrui aliyezaliwa 1667, na wote walifariki wakiwa wadogo. Kangxi alipata wana 35, na waliopewa namba ni 24 tu. Wengi wa waliokufa wachanga waliachwa nje ya orodha, na namba zikapangwa upya kwa waliobaki. Usichukue hiyo kuwa kanuni iliyonyooka, kwa sababu wa sita alifariki akiwa na miaka mitano na wa kumi na moja akiwa na kumi na moja, na wote wawili wamebaki na namba zao.

Kwa mabinti mambo ni kinyume kabisa. Wao 20 wote wamehesabiwa, hata waliofariki wachanga, na waliofikia utu uzima ni wanane. Ndiyo maana namba zinaruka: aliye mkubwa kati ya waliokua ni binti wa tatu, aliyezaliwa 1673. Juu yake palikuwa na mwingine aliyeheshimiwa kama dada mkubwa wa wote, na huyo hakuzaliwa na Kangxi. Alikuwa binti wa nduguye Changning, aliyelelewa ndani ya jumba la kifalme. Binti wa tisa uliyemsikia ni wa tumbo moja na mwana wa nne, alizaliwa 1683 na kufariki 1702, kwa hiyo tamthilia yoyote inayoanza 1704 na kumwonyesha akitembea bustanini imejitungia.

Wavulana na wasichana wamehesabiwa kila kundi peke yake. Mwana wa kumi na tatu na binti wa kumi na tatu ni kaka na dada wa tumbo moja, na namba zao kulingana ni sadfa tu. Nimeona mtu mahali fulani akiwaandika kuwa mapacha.

#7

Naomba kuongeza jambo la lugha, kwa kuwa limenisaidia kuliko jedwali.

Mkisikiliza sauti ya Kichina badala ya kusoma tafsiri inayopita chini, mtasikia “si ge” (kaka wa nne) na “shisan di” (mdogo wa kumi na tatu). Kwanza ni namba, kisha ni neno la udugu. “Ge” ni yule aliyekutangulia, “di” ni uliyemtangulia. Tafsiri za Kiingereza huwaita wote kwa neno moja lisiloonyesha mkubwa na mdogo, na Kiswahili kikitafsiriwa kutoka hapo hupata hasara ya mkono wa pili. Ni upotevu wa bure, kwa maana sisi tunalo “kaka” na tunalo “mdogo wangu,” na mtu hakosei. Ukisikia fulani amemwita mwenzake “kaka wa nane,” umekwisha kujua msemaji ni wa tisa au zaidi.

Kuweni macho na neno “age,” ambalo nalo linatamkwa karibu na hayo. Hilo ni la Kimanchu, lugha ya asili ya ukoo wa mfalme, na lilitumika kumwita mwanamfalme yeyote. Mtumishi akisema “si age,” hajamwita kaka yake.

#8

Je, mwaka 1708 mnaupigaje? Nauliza kwa sababu ya yule mtoto, mwana wa kumi na nane, ambaye maelezo yote yanasema alifariki akiwa na miaka minane.

#9 Mwenye uzi

Minane ni sui. Alizaliwa mwaka wa 40 wa Kangxi, yaani 1701, na akafariki vuli ya mwaka wa 47, wakati wa safari ya mawindo. Toa 40 kwenye 47, jumlisha moja, unapata nane. Kwa hesabu yetu alikuwa na miaka saba.

Kifo kile hakikusimama peke yake. Mfalme alimlaumu mrithi wa kiti kwamba hakuonyesha huruma yoyote kwa mdogo wake aliyekuwa anakata roho, na wakati huo huo akamvua urithi. Pigeni hesabu ya pengo lao: mmoja alizaliwa Juni 1674, mwingine 1701. Miaka ishirini na saba. Mtoto yule angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa. Simtetei mrithi, ambaye alikuwa na mashtaka mengine mengi, lakini katika tamthilia tunapoona uso mkavu kando ya kitanda tunausoma kama uso wa kaka aliyecheza na mdogo wake, ilhali hawa wawili sidhani kama waliwahi kucheza pamoja.

Vuli hiyo mwana wa kwanza alikuwa na miaka 36, mrithi 34, wa tatu 31, wa nne 29, wa nane 27 na wa kumi na nne 20. Kangxi alipowataka maofisa wapendekeze mrithi mpya, wakamtaja wa nane kwa wingi, na hilo likamkasirisha. Ukiwa na namba tu, unaona mtu aliyewaruka kaka saba. Ukiwa na tarehe, unakumbuka kwamba watatu kati ya hao saba, yaani wa tano, wa sita na wa saba, walizaliwa ndani ya miezi kumi na tano ya mwisho kabla yake, na wa sita alikwisha kufariki. Kati yake na wa nne ni miaka miwili na miezi mitatu tu. Kuruka kwenyewe kunapungua.

#10

Mwenye uzi, ulisema mlikuwa na mpwa. Je, alipata jibu lake?

#11 Mwenye uzi

La uso wa mwana wa nane alilipata siku ya kwanza. Jioni ya tatu alinipa jingine: kwa nini wa nne yuko karibu na wa kumi na tatu, mwana wa mama mwingine, kuliko wa kumi na nne, ndugu yake wa tumbo moja.

Nilimjibu kwa kutumia hizo hizo safu nne. Wa nne hakulelewa na mama yake mzazi. Alilelewa na mke mwingine wa mfalme, wa ukoo wa Tong, aliyefanywa malkia mwaka 1689 na kufariki siku iliyofuata. Wakati huo wa nne alikuwa na miaka kumi na mdogo wake wa tumbo moja alikuwa na mwaka mmoja na nusu, akikulia kwa mama mwingine kabisa. Kwa wa kumi na tatu pengo lilikuwa miaka minane kasoro mwezi mmoja, nalo si dogo, lakini hapo kulikuwa na kazi iliyowakutanisha. Yongzheng mwenyewe aliandika baadaye, nduguye huyo alipokwisha kufariki mwaka 1730, kwamba baba yao alimwagiza amfundishe hesabu, na kwamba walikuwa wakijadiliana kila siku.

Mpwa wangu akauliza kama alimfundisha kujumlisha moja. Kisha akafunga daftari, akaniambia tuendelee na kipindi cha tisa.